Shika Hapo Dakika Tano

Mizani ya sonara haina adabu. Haijali wewe nani wala umeamkaje, inasema ilichokiona, basi. Ndiyo maana Jumanne ile mzee mmoja aliyestaafu usonara, ambaye mtaa mzima ulimwita kwa kazi yake, Sonara, alipoweka ndege yake ya mfano juu ya mizani na kusoma gramu elfu moja mia nne na tisini, alivua miwani akaifuta kwa shati. Jana yake jioni, kazi ya siku ilipokwisha, ilikuwa elfu moja mia nne na hamsini. Chumba kilifungwa, na ufunguo ulilala mfukoni mwake. Hakuongeza rangi, hakuongeza hata skrubu. Sasa gramu arobaini zimetoka wapi?

"Unyevunyevu," akajiambia. Ndivyo tulivyo sisi watu wazima, tukikutana na jambo linalotushinda tunalitafutia jina dogo ili tulale.

Ndege yenyewe ilikuwa zawadi ya mkwe wake, mume wa binti yake wa pili. Ilikuwa mfano wa ndege ya vita ya zamani, ya povu gumu, inayokwenda kwa betri na kuongozwa kwa rimoti, mabawa yake marefu kuliko mikono ya mtu aliyeinyoosha. Ilikuja vipande vipande ndani ya sanduku, pamoja na karatasi ya maelekezo. Sonara aliisoma ile karatasi mara tatu, akahesabu kila kipande, akakuta kimepungua kimoja tu. Mchoro ulionyesha sanamu ya rubani, kichwa na mabega, imekaa kwenye kiti chake chini ya kioo. Sandukuni haikuwamo.

"Nitamchonga mwenyewe," alimwambia mkewe. "Tena wa fedha tupu."

"Wewe uliyeshindwa kunichongea pete ya pili miaka arobaini?" mkewe akamjibu.

Mke huyo waliomjua walimwita Bi Shibe, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa mwanamke mwenye mwili wake, kilo tisini na mbili, na kicheko kinachosikika nyumba ya tatu. Watoto walikuwa wameoa na kuolewa, nyumba ikabaki na wawili hao. Chumba cha nyuma kilichokuwa cha watoto ndicho Sonara alichokifanya karakana, meza chini ya dirisha, mizani pembeni.

Sasa, povu, hata likiitwa gumu, ni kitu laini. Kila anayeunda ndege hizi anajua kwamba ukiiunganisha ilivyotoka sandukuni, bawa litakunjika siku ya kwanza. Lazima uiimarishe: fimbo ya kaboni chini ya mabawa, ubao mwembamba chini ya sakafu ya rubani, vyuma kwenye miguu ya magurudumu. Vyote hivyo hushikwa kwa gundi ya kuchanganya, na gundi ile inataka kubanwa dakika tano bila kutikisika. Jiriwa zake zote za kubania vitu Sonara alikuwa amemwachia aliyenunua duka lake. Jiriwa iliyobaki nyumbani ilikuwa mikono ya Bi Shibe.

"Shika hapo, mke wangu. Dakika tano. Usitikisike."

"Na kupumua je?"

"Pumua kidogo kidogo."

"Nisipopumua nitakufa, wewe utaoa, dege lako litaruka harusini."

Hivyo ndivyo ilivyowekwa fimbo ya kwanza, ile ya kwenye mabawa, Jumatatu jioni. Kesho yake ndipo mizani iliposema gramu arobaini.

Ndege ya mfano ina mtihani wake usiodanganyika. Unaweka kidole kimoja chini ya kila bawa, mahali penye alama, unainyanyua. Ikilala sawa, itaruka. Mkia ukizama, itapaa kama mlevi na kuanguka. Sonara aliinyanyua, mkia ukazama. Akatia kipande cha madini ya risasi kwenye pua ya ndege, ikalala sawa, akafurahi. Alhamisi akaipima tena, mkia umezama. Akaongeza risasi. Jumamosi, vilevile. Kiti cha rubani kilikuwa nyuma kidogo ya zile alama, lakini hilo hakulifikiria. Aliwaza kwamba povu linalegea. Na fundi akiona kitu kinalegea haulizi kwa nini, anakikaza.

Akakata ubao mwembamba, akaupaka gundi, akauingiza chini ya kiti.

"Shika hapo, mke wangu."

Bi Shibe akaingiza vidole vyake viwili ndani ya chumba cha rubani, akakandamiza. Dakika ya pili ikamkuta amekunja uso.

"Baba watoto, mbona hapa pana joto?"

"Gundi ikikauka hutoa joto."

"Mh! Basi gundi yako inapumua."

Sonara akacheka. Lakini alipoinama kukagua ubao, pua yake ilikutana na harufu ya petroli, na nyuma ya petroli harufu ya ngozi iliyoungua. Ndege hiyo ilikuwa ya betri, na nyumba nzima hapakuwa na tone la petroli. Alifungua dirisha, akasema labda ni gari lililopita, ingawa tangu asubuhi hakuna gari lililopita.

Wiki iliyofuata Bi Shibe aliamka na furaha. Magoti yaliyomtesa miaka sita yalikuwa yamenyamaza. Alipanda juu ya kiti akatundika mapazia mwenyewe, akashuka kwa kuruka. "Nimekuwa msichana!" alisema, na mumewe akamtania kwamba sasa ataanza kumwonea wivu. Mwili wake ulikuwa ule ule, magauni yalimbana palepale. Ila alikuwa mwepesi, na nani atakayelalamikia wepesi?

Siku hiyo hiyo miguu ya ndege ilitanuka. Sonara aliikuta imeketi juu ya meza tumbo chini, magurudumu yametazama kando. Alichomelea vyuma vya shaba kwa ufundi wake wa zamani, kazi nzuri mno kwa mchezo wa povu, kisha akavipaka gundi, akamwita mkewe ashike mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Dakika tano, dakika tano. Alipoipeleka kwenye mizani ilisoma kilo nne na nusu, na mizani ile mwisho wake ni tano. Aliitazama tarakimu ile muda mrefu. Kisha akaichukua mizani, akaifungia kabatini.

Tangu hapo sauti zikaanza. Hazikuja usiku. Zilikuja saa nane mchana, jua limesimama dirishani, mtaa umenyamaza kwa joto. Meza ililia kidogo, kama linavyolia benchi mtu anapojiweka sawa. Baadaye mtu akakohoa, kikohozi kidogo cha kusafisha koo, cha mtu anayengoja na amechoka kungoja. Sonara alikuwa ameshika msasa mkononi. Aligeuka taratibu, na akaona usukani wa mkia unakwenda kushoto, unarudi, unakwenda kulia, polepole, kwa uangalifu, kama anavyoujaribu mtu anayetaka kujua unafanyaje kazi, na betri ilikuwa juu ya rafu, na rimoti ilikuwa kwenye droo.

Aligeuka akimbie, akagongana na mkewe aliyesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Umeingia saa ngapi?"

"Nimekuita mara mbili."

"Sikusikia hatua zako."

Walitazamana. Korido ya nyumba ile ilikuwa ya mbao, na kwa miaka yote ya ndoa yao mbao zile zililia Bi Shibe anapopita, mpaka watoto walijua mama anakuja kabla hajafika. Bi Shibe aliweka kikombe chini, akatoka mlangoni, akatembea korido nzima kwenda na kurudi huku mumewe akisikiliza. Haukulia hata ubao mmoja.

"Labda zimezoea," alisema kwa sauti ndogo. Hakucheka.

Mchana uliofuata walijilaza baada ya chakula, na Sonara akagundua kwamba godoro upande wa mkewe halikubonyea. Alijifanya amelala. Aliogopa, jamani, aliogopa kuliko siku wezi walipomwekea kisu dukani, kwa sababu siku ile alijua wanataka dhahabu. Jioni mlango wa mbele ulifunguka kwa upepo, upepo wa kawaida tu wa kupeperusha karatasi, na Bi Shibe aliyekuwa amesimama sebuleni akasukumwa hatua tatu mpaka ukutani. Alishika pazia. Akabaki amelishika hata upepo ulipokwisha.

Asubuhi walikwenda zahanati. Muuguzi akamwambia apande mizani. Akatazama, akamtazama mgonjwa, akatazama tena.

"Shuka mama. Hii imeharibika."

Akapanda mwenyewe, akaridhika, akamwambia Bi Shibe apande upya. Kilo thelathini na moja. Mwili wa kilo tisini na mbili ulikuwa umesimama pale na mashavu yake na mikono yake minene, na mizani ikasema kilo thelathini na moja.

"Nendeni hospitali kubwa," muuguzi alisema, naye alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni.

Hawakwenda. Njiani kurudi nyumbani Sonara alimshika mkewe mkono, si kwa mapenzi tu bali asije akampotea. Bi Shibe alisema kwa kunong'ona, "Baba watoto, mimi nakwisha. Kuna mtu ananila, na haumi."

Walipofika nyumbani Sonara aliingia karakana na shuka, akadhamiria kuifunga ndege ile akaitupe jalalani. Aliikumbatia, akavuta. Haikuinuka. Alivuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, kitu cha povu na gundi, na haikusogea hata unywele, ila mguu wa meza ulipasuka chini yake kwa mlio mkali. Na karibu kabisa na sikio lake, chini ya kile kioo, mtu akaguna kwa kuridhika.

Alimpigia simu shangazi wa mkewe.

Shangazi alikuwa mkandaji. Alikanda wazazi na waliovunjika, na wale waliojua walimwita pia kupunga majini, kazi ambayo hakuipenda na hakuificha kwamba haipendi. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, mdomo mkali. Alifika saa saba na nusu mchana, akampapasa Bi Shibe mabega, akamnyanyua kwa mkono mmoja mtoto wa kaka yake yule mnene, akamrudisha kitini. Kisha akaenda karakana. Alinusa. Aliinama mbele ya kile kioo kidogo, akatazama ndani ya kiti kitupu kama mtu anayemtazama mwenzake machoni.

"Mkwe," alisema, "kiti hiki kimekaa wazi muda gani?"

"Wiki sita."

"Wiki sita! Unatengeneza kiti, unakiacha wazi ndani ya nyumba, ulidhani atakaa nani, wewe?" Alijinyoosha akishika kiuno. "Jini ni upepo. Akipenda mahali hawezi kukaa, hana uzito wa kumkalisha. Lazima aazime. Kila ulipomkazia kiti alihitaji uzito zaidi wa kukijaza. Na nani alikuwa ameshika gundi ikikauka?"

Bi Shibe alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, akaitazama mikono yake.

"Mimi," alisema.

"Ni mimi niliyemwambia ashike," Sonara akasema. "Kila mara ni mimi. Nimempa kwa mikono yangu."

"Utalia baadaye. Leo hii mpaka magharibi atakuwa amemmaliza. Na mtu asiye na uzito, dunia haina pa kumshikia."

"Nichukue shoka?"

"Ukiivunja, uzito wa mkeo unamwagika, na ukimwagika hauzoleki. Utabandua ulivyobandika, cha mwisho kiwe cha kwanza, na yeye ashike palepale aliposhika. Utarudi kwa njia uliyopitia." Akainua kidole. "Kuna jambo moja. Ataamka, na atauliza swali. Mtu yeyote asimjibu. Hata mkisikia sauti ya mtoto wenu, midomo ifungwe."

Sonara alichukua msumeno wake wa uzi, ule wa kukatia fedha na dhahabu. Bi Shibe alishika mguu wa kushoto wa ndege, na mumewe akakata gundi kuzunguka shaba, na shaba ilipobanduka sakafu ililia kidogo chini ya miguu ya mkewe. Sauti tamu! Akakata wa kulia. Sakafu ikalia zaidi. Bi Shibe akavuta pumzi ndefu, machozi yakimtoka, akasema, "Yanarudi. Magoti yanauma. Alhamdulillahi, yanauma!"

"Kimya," akasema Shangazi.

Ubao wa chini ya kiti ulikuwa wa tatu. Bi Shibe aliingiza vidole viwili mle ndani, na Sonara akapitisha msumeno, na harufu ya petroli ikajaa chumba mpaka macho yakawasha, na meza ikaanza kutetemeka, na usukani wa mkia ukapiga kushoto kulia kushoto kulia kwa hasira, na kioo kikaingia ukungu kwa ndani, ukungu wa pumzi, unaokuja na kuondoka, unaokuja na kuondoka kwa kasi zaidi, na ubao ulipochomoka Bi Shibe alipiga yowe kwa sababu kitu kilikuwa kimemshika vidole vile viwili na hakimwachii, na kutoka kwenye kile kiti kisichozidi kiganja cha mtoto ikatoka sauti ya mwanamume mtu mzima, ya upole, ya mtu aliyeonewa:

"Mimi nitakaa wapi?"

Hakuna aliyejibu. Shangazi alikuwa ameziba mdomo wake kwa upande wa khanga. Sonara akageukia fimbo ya mabawani, iliyokuwa imebaki peke yake, akakata nusu, na msumeno ukakwama. Alivuta, ukakatika. Alichukua wa pili, nao ukakatika.

"Nitakaa wapi?"

Basi hapo Sonara alimwona mkewe akiinuka. Aliinuka polepole, visigino kwanza, kisha vidole vya miguu, uzito uliokuwa umerudi ukivutwa upya kupitia vile vidole viwili, gauni likielea kumzunguka, uso wake umegeukia dari, na bado hakutoa sauti kwa sababu alikuwa ameambiwa asijibu. Alimtazama mumewe tu. Shangazi alining'inia kwenye pindo la gauni lake, naye akaanza kuinuka. Shangazi alimtazama Sonara na kutikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana, usithubutu.

"Nitakaa wapi?" ikauliza sauti mara ya tatu, na safari hii iliuliza kama anayejua atajibiwa.

Sonara alitupa kipini cha msumeno.

"Njoo hapa," alisema. "Nikalie mimi."

Fimbo ya kaboni ilivunjika yenyewe. Ndege ikapasuka vipande juu ya meza, na Bi Shibe akaanguka, na kuanguka kwake kulikuwa kishindo, kishindo kikubwa cha haki, cha kilo tisini na mbili, kilichopasua ubao mmoja wa sakafu na kuangusha kalenda ukutani. Alikaa pale chini akishika nyonga, akacheka na kulia kwa pamoja, akasema amevunjika, akasema hajali. Harufu ilikuwa imekwisha. Mtaani mtu alikuwa anapiga honi.

Shangazi hakucheka. Alimtazama Sonara aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake, akamtazama juu kidogo ya kichwa, kisha akainamisha macho haraka. Alijifunga khanga yake. Bi Shibe alimwita abaki wale, yeye akasema ana mgonjwa anamngoja. Alipita mlangoni kiubavu, mgongo ukutani, akaondoka bila kuaga.

"Huyu naye!" Bi Shibe alisema. "Ngoja nikuletee maji, mume wangu. Umelowa jasho."

Alikwenda jikoni, na korido yote ikalia chini ya miguu yake, ubao mmoja baada ya mwingine, kwenda na kurudi. Sonara aliisikiliza kila hatua. Alifurahi, na kufurahi kwake kulikuwa kwa kweli. Alijaribu kusimama ampokee kikombe. Kigoda kililia, magoti yakakataa, akabaki amekaa vilevile, mikono mapajani, shingo imeinama mbele.

"Umechoka," mkewe alisema. "Hebu nikukande mabega."

Akasimama nyuma yake, akaweka mkono kwenye bega la kushoto, akaanza kukanda. Akauhamishia bega la kulia. Ukasimama. Vidole vyake vilipapasa hewa juu ya shati la mumewe, vikazunguka kitu cha mviringo, kigumu, chenye joto, vikateremka nacho kifuani mpaka kwenye kisigino.

"Baba watoto," alinong'ona, "hili goti la nani?"